Maji ya ukoko yalivyomponza muuza mtindi wa Antsirabe

Wali unaungua kwenye sufuria ya Neny Perline, naye hana haraka.

Ni saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, na baridi ya Antsirabe imeacha utando mweupe wa umande ulioganda juu ya viti vya riksho zilizopangwa mbele ya kibanda chake. Anaupakua wali wote, kisha anairudisha sufuria motoni ikiwa na ukoko mtupu. Anainama, ananusa, anasubiri. Ukoko unatoka njano, unaingia kahawia. Hapo ndipo anamimina maji, na sufuria inapiga kelele mpaka wavuta riksho walioko nje wanageuza shingo.

"Ukimimina mapema unapata maji ya kuoshea mchele," anasema. "Ukichelewa unapata mkaa. Hapo katikati pana dakika mbili tu za kumcha Mungu."

Maji hayo yanachemka mpaka yanageuka rangi ya chai. Ndiyo ranovola, maji ya ukoko, kinywaji cha kila meza katika nyanda hizi za juu za Madagaska. Hayauzwi. Ukinunua sahani ya wali kwa ariari 2,500, maji ya ukoko unajinywea mpaka utosheke. Chupa ya maji ya dukani ingekula karibu bei ya sahani yenyewe.

Lakini asubuhi hii jicho la Neny Perline haliko kwenye sufuria. Liko barabarani, upande wa magharibi, njia ya Betafo.

"Kasema Alhamisi," anasema, na anafuta mikono kwenye aproni ambayo tayari ni kavu. "Leo si Alhamisi?"

Ni Alhamisi. Anayesubiriwa ni Ratsimba, mzee wa miaka sitini na mitatu, muuza mtindi anayeuleta kwa baiskeli kutoka kijijini kwake. Mara ya mwisho Ratsimba kukanyaga kituo hiki ilikuwa Januari, alipofukuzwa kwa madai kwamba mtindi wake unawaharisha watu. Mtindi wake haukumharisha mtu. Waliougua waliugua kwa maji ya ukoko ya Neny Perline, na aliyelitangaza hilo hadharani ni Neny Perline mwenyewe.

Tangu siku hiyo amekuwa akijenga upya alichokibomoa. Wateja wengi wamerudi. Mzee Ratsimba bado.

"Asipokuja leo," anasema, "nitakuwa nimewarudisha wateja wa sahani nikakosa uso wa kuwatazama watu. Na kilichonilisha miaka yote si sahani, ni huo uso."

Perline Razafindravao ana miaka hamsini na minne, na ishirini na miwili kati ya hiyo ameipitisha kwenye kibanda hiki cha mbao. Kila mtu humwita Neny, yaani mama, hata wanaomzidi umri. Wateja wake ni wavuta riksho, wanaume wanaokimbia peku kutwa nzima wakivuta abiria, magunia na mara nyingine kabati la mtu anayehama. Kwao yeye ni mpishi, na pia ni kama muuguzi asiye na koti jeupe.

Mafundisho yake yote yangeenea kwenye kiganja. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa kijiko. Mboga ya majani isikose, hasa mnavu, ambao anaupika na wali laini kila asubuhi. Blanketi lianikwe juani mara mbili kwa wiki. Mtu alale mapema. Jioni anaweka beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na wanaume wazima hukaa kwenye benchi wakisubiri zamu ya kuloweka miguu, wakisukumana kama watoto wa shule.

"Mwili haudai makuu," anasema. "Unadai kitu kidogo kila siku. Sisi tunaupa kitu kikubwa mara moja kwa mwaka, halafu tunaushangaa."

Mafua anayatuliza kwa tangawizi na asali. Ila homa ikilala siku mbili, anamfukuza mtu kibandani aende zahanati. "Tangawizi haijui kupima damu," ndiyo kauli yake, na wavuta riksho wanaijua kwa moyo.

Kwa miaka yote hiyo, somo lake kuu lilikuwa maji. Usinywe ya kisimani, kunywa ya ukoko. Alilisema kwa sauti, alilirudia, aliwagombeza waliokinga viganja bombani. Kwa hiyo mvua za Januari zilipoanza na matumbo yakaanza kuendesha, hakuna aliyeitazama sufuria yake. Ungeanza kumshuku padri kwanza.

Waliugua wavuta riksho tisa ndani ya wiki mbili. Randria, mkongwe wa kituo mwenye miaka ishirini na sita ya kuvuta, alilala kitandani siku kumi na moja na kupungua mpaka suruali ikahitaji kamba.

"Nilikuwa nakwenda chooni mara nyingi kuliko abiria wangu wanavyokwenda sokoni," anakumbuka Randria, na anacheka sasa kwa kuwa anaweza. "Mke wangu alishaanza kunitazama kwa jicho la kupima sanda."

Hakufa mtu, na hilo Neny Perline hushukuru kila anapolitaja. Lakini watu walitaka jina. Wengi wa waliougua walikuwa na desturi ya kushushia chakula kwa kikombe cha mtindi wa Ratsimba, na Ratsimba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, hana ndugu kituoni. Lisemwalo lipo, wakasema. Asubuhi moja Fidy, kijana mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa hasira, alilipiga teke debe la mtindi likamwagika barabarani mbele ya watu wote. Mzee aliinua debe lake, akalifunga kwenye baiskeli, akaondoka.

Neny Perline alikuwa mlangoni, mwiko mkononi. "Niliona," anasema. "Nikasema moyoni, afadhali. Mungu anisamehe, nilisema afadhali."

Yeye mwenyewe hakuwa ameugua hata siku moja, na hilo ndilo lililompa uhakika. Kama maji yake yangekuwa na kasoro, si angekuwa wa kwanza kulala? Hakujua kwamba kinga yake ilitokana na tabia moja ndogo: yeye huyanywa maji ya ukoko yakiwa ya moto kabisa, kikombe cha kwanza, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Wateja walikuwa wanakunywa kitu kingine.

Aliyeligundua ni Haingo, binti yake mkubwa, anayefanya usafi katika zahanati moja ya mji jirani. Alikuja likizo mwishoni mwa Februari akamsaidia mama yake kazi ya mchana. Saa sita, kundi la wavuta riksho likiwa limekaa na kiu ya mbwa, alimwona mama yake akiepua sufuria ya maji ya ukoko yanayotoa mvuke, akachota kata mbili za maji baridi kwenye ndoo, akayamimina humo.

Mazungumzo yaliyofuata Neny Perline anayasimulia neno kwa neno, akiigiza sauti zote mbili.

"Neny, hayo maji ya nini?"

"Ya kuzimulia. Watu watakunywaje moto?"

"Ya wapi?"

"Ya wapi tena? Ya kisimani. Umeshasahau kwenu?"

"Yamechemshwa?"

"Wewe Haingo, nitachemshaje maji ya kupozea maji? Hayo nayo nitayapozea nini?"

Haingo hakucheka. Aliitazama sufuria, akatazama kisima kilicho nyuma ya kibanda, akatazama vyoo vitatu vilivyochimbwa mteremkoni juu yake tangu majirani wajenge. "Basi hujachemsha kitu, Neny," alisema. "Umetia rangi tu."

Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la watu wa maji ya ukoko peke yao. Chai ukiizimua inapauka, mtu anakuuliza. Maji meupe hayana cha kukudanganya, unajua hujayachemsha. Lakini maji ya ukoko yana rangi nzito na harufu ya moto. Ukiyatia kata mbili za kisimani yanabaki kahawia vilevile, na kila anayeyaona anaapa yamechemka. Mama yake Perline alizimua. Bibi yake alizimua. Tofauti ni kwamba bibi alizimua kwa maji ya chemchemi ya mlimani, ambako juu yake hakukuwa na choo wala mtu.

"Miaka ishirini na miwili nimewaambia watu wasinywe ya kisimani," anasema Neny Perline. "Kumbe nilikuwa nawanywesha kisima chenyewe, nimekivalisha koti."

Siku hiyohiyo aliacha. Alinunua mitungi minne ya udongo yenye vifuniko, akaanza kuyapika maji jioni na kuyaacha yapoe yenyewe mpaka asubuhi. Baada ya wiki moja matumbo ya kituo kizima yalitulia. Naye akanyamaza.

Hajifichi katika hili. Alinyamaza wiki saba. Alijiambia kosa limekwisha, na kosa lililokwisha halina haja ya matanga. Kila asubuhi alipoufungua mlango alipaona pale kwenye nguzo ambapo Ratsimba alikuwa akiegemeza baiskeli, akageuza uso. Angeweza kugeuza uso mpaka leo, anakiri, kama si Fidy.

"Alikaa pale," anasema, akionesha benchi. "Kashiba, kafurahi. Akaniambia, 'Unaona Neny, mzee wa mtindi kaondoka na kuhara kumeondoka. Na haya maji yako ndiyo yaliyotusafisha. Wewe ni dawa yetu.' Wote wakaitikia. Nilitamani ardhi inimeze na mwiko wangu."

Tusi angelivumilia. Sifa ilimshinda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye aliumbuliwa na shukrani.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alichinja kuku, akamkaanga, akafunga kipande cha mkiani peke yake kwenye jani la mgomba. Hapa heshima ya kuku haiko kwenye firigisi, iko mkiani; kipande hicho hupelekewa mkubwa, na anayekipokea akakila amekubali heshima yako. Alitembea kilomita kumi na nne mpaka kwa Ratsimba.

Mzee alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Neny Perline alimwambia kila kitu, kisima na kata na wiki saba. Kisha Ratsimba alikifunua kipande cha kuku, akakitazama, akakifunika tena na kukisukuma upande wa mgeni.

"Nilichafuliwa asubuhi, barabarani, watu wakiona," alisema. "Wewe unakuja kunisafisha jikoni kwangu, tuko wawili na paka. Rudi nacho, mama. Jina langu halipo hapa. Liko kule kituoni kwenu."

Alirudi na kuku wake kilomita zile kumi na nne. "Nilikuwa nimekasirika," anasema. "Nilipofika darajani nikaona mzee ana haki. Nilipofika nyumbani nikala kile kipande mwenyewe, maana kuku hana kosa."

Jumatatu ya Pasaka watu wa Antsirabe hawakai ndani. Wavuta riksho na familia zao walikwenda Ziwa Andraikiba na masufuria yao, kama kila mwaka, na kama kila mwaka Neny Perline alikuwa mpishi mkuu. Kabla ya kula pana hotuba. Safari hii aliomba aseme yeye.

Asiyeijua nchi hii lazima aambiwe kitu kimoja. Hapa hakuna hotuba inayoanza bila kuomba radhi. Msemaji husimama na kusema yeye si mkubwa wa kutangulia kusema, kwamba amekosea kusimama, kwamba lawama zimwepuke. Na wasikilizaji hujibu lawama imeondoka, endelea. Hata anayetangaza ndoa huanza hivyo. Ni adabu, na hakuna anayeyasikiliza maneno yenyewe.

Neny Perline alisimama. "Ndugu zangu, naomba radhi," alisema. "Nimewakosea."

"Lawama imeondoka, mama," waliitikia kwa furaha. "Endelea."

"Nasema nimewakosea kweli. Nina kosa kubwa mbele yenu."

"Lawama imeondoka. Endelea."

"Nimemkosea na Ratsimba, mzee wa watu."

"Imeondoka, imeondoka." Mtu mmoja alianza kufunua sufuria. Randria, aliyekuwa amekaa mbele, alitikisa kichwa kwa kuridhika na kumwambia jirani yake kwa sauti ya chini kwamba huyu mama anajua kuhutubia, anafungua kwa unyenyekevu wa kizamani. Wakanyamaza wote, wakingoja hotuba ianze.

"Nikaona hawanisikii," anasimulia Neny Perline. "Adabu yetu imeniziba mdomo. Nikaiweka adabu chini."

Alisema hivi, na walio kituoni bado wanaweza kuyarudia maneno yale: "Hotuba ndiyo hiyo, haina nyingine. Yule mzee hakuwaharisha. Mimi ndiye niliyewaharisha. Nilitia maji ya kisimani kwenye maji ya ukoko miaka yote hii, kisha nikajua, kisha nikanyamaza wiki saba mkinisifu. Msiniambie lawama imeondoka. Leo sitaki iondoke. Inifike."

Ziwa lilisikika. Watoto waliokuwa wakicheza mpira nao walisimama bila kuambiwa.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Fidy. "Umenifanya nimpige teke mzee wa watu," alisema, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini na chakula chake hakukigusa. Mke wa Randria alisema mambo ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Wengine walikula chakula alichopika yeye, kwa kuwa hapakuwa na kingine.

Kesho yake, kibanda kilichozoea kuuza sahani themanini kwa siku kiliuza ishirini na sita. Keshokutwa, ishirini na mbili. Wenye vibanda jirani walisema mdomo wake umemponza. Neny Perline aliendelea kufungua mlango, kuunguza wali na kujaza mitungi ambayo hakuna aliyeigusa. Jioni alikuwa akiumwagilia mnavu wake maji ya ukoko.

"Mnavu ulinawiri," anasema. "Angalau mmoja aliniamini."

Siku ya nne alikuja Randria. Hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema neno moja: "Nioneshe."

Neny Perline alimwonesha. Kuosha sufuria, ukoko, maji, mchemko, mtungi, kifuniko, ndoo ya kisimani iliyohamishiwa kwenye kufulia tu. Randria alitazama mwanzo hadi mwisho, kazi ya karibu saa nzima. Kisha akasema, "Usinioneshe mimi peke yangu."

Wiki ileile waliivunja meza ya mbele, wakang'oa jiko nyuma ya kibanda na kulijenga upya mbele, mdomo ukitazama barabara. Ndivyo lilivyo hadi leo. Anayengoja chakula anaona kila kitu kinachoingia kwenye sufuria na kila kinachotoka. Mitungi imepangwa kando, kila mmoja na chaki juu ya kifuniko kuonesha ulijazwa jioni gani. Mtu akitaka kuuliza anauliza, na wanauliza kweli, wengine kwa kumkera tu.

"Neny, huo mtungi wa jana au wa mwaka jana?" anauliza mmoja asubuhi hii.

"Wa jana. Wa mwaka jana ni hilo shati lako."

Mwishoni mwa Juni aliuza sahani sabini kwa siku. Fidy ndiye aliyekuwa wa mwisho kurudi. Alikuja tu, akakaa, akala. Ila kabla ya hapo, inasemekana, alionekana mara mbili njia ya Betafo, na mara zote mbili alirudi kabla ya kufika. Mara ya tatu alifika. Alichomwambia Ratsimba hakijulikani, na yeye haulizwi. Siku mbili baadaye ujumbe ulikuja kwamba mzee atapita Alhamisi.

Saa nne imefika. Jua limeyeyusha umande, riksho zimetawanyika na kurudi, na Neny Perline ameosha kikombe kilekile mara tatu. Randria anamwambia akae. Anakaa. Anasimama.

Baiskeli inaonekana ikisukumwa, haipandwi. Debe liko nyuma, limefunikwa kitambaa cheupe. Ratsimba anakuja polepole katikati ya barabara, amevaa kofia ya majani na koti la ibada, na kituo kizima kinajifanya kina shughuli. Mtu anakagua tairi lisilo na tatizo. Mtu anahesabu mawingu, na leo hakuna mawingu.

Mzee anasimama mbele ya Fidy.

"Mguu wako haujambo?" anauliza.

Fidy anatazama chini. "Haujambo, baba."

"Umepumzika?"

"Umepumzika, baba."

"Basi acha upumzike. Tumia mikono. Shika baiskeli."

Fidy anaishika baiskeli kwa mikono yote miwili, kama aliyepewa mtoto mchanga. Mtu anacheka, kisha wote wanacheka, na Ratsimba anaegemeza mgongo kwenye nguzo akinyoosha kiuno.

"Mtindi bei gani, kaka mkubwa?" Randria anauliza.

"Bei ileile. Miezi sita mmejinyima kitu cha bei ileile."

Ndani ya nusu saa debe limefika nusu. Ratsimba anapima kikombe kwa kikombe, hazidishi wala hapunguzi. Kila anapogusa chenji ya mtu, ananawa mikono kwa sabuni kwenye beseni la Neny Perline bila kuambiwa, na wavuta riksho wanalitambua hilo, kwa sababu wao huambiwa kila siku.

Ndipo Neny Perline anapotoka, kikombe cha maji ya ukoko mikononi, na kumpa kwa mikono miwili. Mzee anakipokea kwa mikono miwili.

"Umezimua?"

"Sizimui tena."

Anakinusa. Anakitazama. Kisha anakiweka juu ya benchi, kimejaa, taratibu kisimwagike. "Siku nyingine, mama," anasema. "Leo nimekuja kuuza."

Neny Perline anaitikia kwa kichwa. Hageuzi uso.

Mwandishi anapomuuliza mzee kama amesamehe, Ratsimba anakunja kitambaa chake kwanza. "Nimerudi kuuza mtindi," anasema. "Kusamehe ni safari ya pili. Na mimi, baiskeli yangu haina breki, naiendesha pole. Lakini andika kwamba Alhamisi ijayo napita tena."

Vibanda vya chakula katika kituo hiki ni kumi na viwili. Mpaka sasa vitano vimegeuza majiko yao yatazame barabara na kununua mitungi yenye vifuniko. Saba bado, na baadhi ya wenyewe wanasema mambo ya Neny Perline ni ya Neny Perline, wao mama zao walizimua na hakuna aliyekufa. Mvua zitaanza Novemba. Mpango wake ni kuvimaliza vyote saba kabla ya hapo, mlango kwa mlango, na kila mlango anaanza kwa kusimulia habari ya kisima chake, yote, bila kupunguza wiki hata moja.

"Wananiambia, Neny, kwa nini unajianika kila siku? Watu walishaanza kusahau. Nawaambia hicho ndicho ninachokiogopa."

Anarudi jikoni. Wali wa mchana umeiva, anaupakua, anairudisha sufuria motoni. Anainama, ananusa, na anazungumza bila kuinua kichwa.

"Mvua zitakuja, hilo halina maombi. Na tumbo la mtu litauma, maana matumbo ni ya watu. Siku hiyo sitaki watazame barabarani kumtafuta mtu mwenye baiskeli asiye na ndugu. Waje kwangu kwanza. Wasimame hapa, waniulize, 'Neny Perline, maji umeyafanyaje?'"

Anamimina maji kwenye ukoko, anangoja kelele itulie.

"Na mimi niwe na la kujibu."